Mandhari ya Mji katika Hadithi za Picha: Tabaka Kama Kipimo

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza mengi juu ya maneno, na machache sana juu ya picha zinazoandamana na maneno hayo. Kitabu cha hadithi kinapochambuliwa, dhamira zitajadiliwa, wahusika watapimwa, lugha itatolewa makosa. Jina la mchoraji, likitajwa, litatajwa katika sentensi ya mwisho pamoja na sifa ya karatasi na bei. Ilhali msomaji mchanga huanza na picha. Kabla hajalifikia neno "mjini" katika aya ya kwanza amekwisha kuoneshwa mji, na mji huo aliooneshwa ndio atakaosomea hadithi yote. Kama mji wenyewe ni wa uongo, maneno ya mwandishi yatakuwa na kazi ya ziada ya kuukanusha, na aghalabu hayaiwezi.

Suala la uhalisi wa mandhari ya mji katika picha huonekana jepesi, na wachoraji wengi, pamoja na wahariri wanaowaagiza, hulijibu kwa mnara. Wakitaka Nairobi huchora Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, lililofunguliwa mwaka 1973, na ghorofa zake 28. Wakitaka Mombasa huchora pembe za ndovu za Moi Avenue. Wakitaka Dar es Salaam, sanamu ya Askari. Wakitaka Unguja, mlango wa nakshi. Alama hizi si uongo, zipo mahali pake. Lakini mkazi wa Nairobi anaweza kumaliza mwezi mzima bila kuinua kichwa kulitazama jumba hilo, na katika mwezi huo akawa ameishi Nairobi kila siku. Picha ya namna hii humwambia msomaji jina la mji. Mji wenyewe haimwambii. Ni kadi ya posta iliyobandikwa nyuma ya wahusika.

Ubovu wa kipimo hiki huonekana wazi kinapopelekwa mahali pasipojulikana kwa mnara. Tabaka ni mahali pa namna hiyo. Iko Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii, upande wa kusini-magharibi wa mji wa Kisii. Jina lake limesafiri mbali kuliko majina ya miji mingi iliyo mikubwa kuliko yenyewe, kwa sababu ya jiwe la sabuni lichimbwalo katika vilima vyake: jiwe laini linalokatika kwa kisu, jeupe, la waridi, la kijivu, au lenye michirizi ya rangi hizo kwa pamoja. Mchongaji wa Tabaka, Elkana Ong'esa, ana kazi yake katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris; na mwaka 2014, Kenya ilipoalikwa kwenye tamasha la utamaduni wa jadi la Smithsonian jijini Washington, alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuonesha kazi zao mbele ya umati. Mahali pamejulikana duniani kwa sanamu zake, na bado hapana sura ambayo Mkenya wa mkoa mwingine angeitambua akioneshwa.

Mchoraji akiambiwa achore Tabaka, basi, hatapata mnara wa kumwokoa. Itambidi atazame. Akitazama ataona kwamba vumbi la hapa lina rangi mbili, wekundu wa udongo wa Gusii na weupe wa jiwe, na kwamba weupe huo umeshika viatu, mikono na nyusi za wachongaji, na majani ya migomba iliyo karibu na vibanda vyao. Ataona vipande vilivyoharibika vimetupwa kando ya njia: tembo asiye na mkonga, bakuli lililopasuka ukingo. Ataona jinsi kazi ilivyogawanywa, wanaume mashimoni na kwenye vibanda kwa panga, visu na patasi, wanawake mbele ya mabeseni ya maji wakishika msasa, maana jiwe hili husuguliwa likiwa limelowa, na maji ya beseni hugeuka yakawa kama maziwa. Ataona mifereji ya mabati na matangi chini yake, kwa kuwa nchi ya Gusii hupata mvua karibu mwaka mzima, zaidi ya milimita 1,500, na nyingi huanguka alasiri. Kwa hiyo baraza la duka si pambo la usanifu, bali ni mahali watu wanaposimama saa kumi wakingoja mvua ipungue. Katika picha za vitabu, kinyume chake, jua huwaka daima, tena kutoka pembe ileile ya juu kulia.

Mambo hayo si ya ajabu, wala hayahitaji maelezo chini ya picha. Hata hivyo mtu wa Mugirango angeyatambua kwa mtazamo mmoja, na mtu wa Lamu angefahamu mara moja kwamba yuko mahali fulani, pengine asipopajua, lakini pasipo mahali popote tu. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mahali hutambulika kwa yale watu wake wayafanyayo kila siku na kwa alama ambazo kufanya huko huziacha juu ya vitu: ngazi iliyolika katikati, ukuta uliochakaa kwa migongo ya wanaosubiri matatu, rangi iliyobanduka palipokuwa na tangazo. Mchoraji anayejua kuchora majengo na asiyejua kuchora kuchakaa kwake atatoa mji uliokabidhiwa jana na mkandarasi.

Vitabu vya kusomea vya shule za msingi vina upungufu mwingine ulio mkubwa zaidi, na unawahusu wanaisimu moja kwa moja. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, hadi vitabu vya mtaala wa sasa, picha nyingi zimerithi mahali pawili tu. Pa kwanza ni mji: ghorofa mbili tatu, taa za barabarani, kivuko cha milia, askari wa usalama barabarani mwenye glavu nyeupe. Pa pili ni kijiji: vibanda vya nyasi vya duara vilivyokusanyika chini ya mti mkubwa, mama na mtungi, kuku watatu. Mtoto wa Tabaka haishi katika hata kimoja cha viwili hivyo. Nyumba za Gusii leo nyingi ni za pembe nne na paa la mabati. Na hata zamani zilipokuwa za duara, boma moja lilikaa mbali na jingine, kila moja katika shamba lake juu ya mgongo wa kilima. Kijiji kilichobanana kama cha kitabuni si sura ya Gusii ya leo wala ya jana.

Yamkini asili ya kasoro hii ni lugha kabla ya kuwa kalamu. Kiswahili cha vitabu kimempa mchoraji maneno mawili, mji na kijiji, naye amechora maneno mawili. Neno kijiji lina uzito wake halisi upande wa Tanzania, ambako Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kuwa kitu chenye mipaka, halmashauri na hati. Lilipovuka mpaka na kuingia katika vitabu vya Kenya halikukuta kitu cha namna hiyo katika nyanda za juu za magharibi, likabaki kuwa picha tu. Kwa upande wa pili, mahali ambapo Wakenya wengi hununua sukari, husaga mahindi, hunyolewa, hupanda bodaboda na kupokea pesa za simu hapana neno katika Kiswahili cha darasani. Katika mazungumzo huitwa senta, au sokoni, au madukani, au stegi, kulingana na jambo linalompeleka mtu pale. Msamiati umo midomoni mwa watu. Vitabuni haumo, na kwa sababu haumo, picha yake haiagizwi. Ni mfano ulio wazi wa pengo la kileksika linaloonekana kwa macho, na ni ajabu kwamba wanaleksikografia hawajalipa uzito unaostahili.

Dunia nzima, mfano ujulikanao zaidi wa mchoraji aliyejifunza jambo hili katikati ya kazi yake ni wa Hergé wa Ubelgiji. Hadithi yake ya Tintin nchini Kongo, iliyotoka kwa mfululizo miaka ya 1930 na 1931, ilichorwa na mtu ambaye hakuwa amefika Kongo, akitegemea alivyoviona katika jumba la makumbusho la Tervuren na fikra za wakoloni wa wakati wake. Matokeo yanajulikana, na hayahitaji kurudiwa hapa. Miaka michache baadaye, alipokusudia kumpeleka Tintin Shanghai, alikutanishwa na Zhang Chongren, kijana wa Kichina aliyekuwa akisomea uchongaji jijini Brussels. Zhang alimfundisha kushika brashi, akamweleza nyumba, mavazi na siasa za nchi yake, na, jambo lililo muhimu zaidi kwa makala haya, akamwandikia maandishi ya kuta na vibao vya barabarani. Katika Le Lotus bleu, iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1936, maandishi ya Kichina yaliyo nyuma ya wahusika si michoro ya kupamba. Yanasomeka. Baadhi yake ni matangazo ya kawaida, na mengine ni wito wa kususia bidhaa za Kijapani na wa kupinga ubeberu. Msomaji wa Brussels hakuweza kuyasoma hata neno moja. Lakini mji ule ulikuwa umeacha kuwa pazia la jukwaani ukawa mahali penye watu wenye maoni yao, na tofauti hiyo huonekana hata kwa asiyejua herufi moja ya Kichina. (Si bure kwamba mwalimu huyo alikuwa mchongaji, wachongaji hujua kwamba kitu kina upande wa nyuma.)

Vibao, basi. Hakuna sehemu ya mandhari ya mji ambayo wachoraji wa vitabu vya Kiswahili wameidharau kama maandishi yake. Mara nyingi kibao huachwa kitupu, au huandikwa DUKA kwa herufi safi zilizonyooka. Lakini mwenye duka haandiki "duka", kwa kuwa kila mtu anaona kwamba ni duka. Huandika jina la mwanawe wa kwanza, au la mji aliofanyia kazi kabla ya kurudi nyumbani, au aya ya Biblia, au neno la Kiingereza lenye fahari, na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, orodha ya vitu ambavyo baadhi yake havipo tena. Neno "hoteli" juu ya mlango halimaanishi vitanda. Lamaanisha chai, mandazi na maharagwe. Ukuta wenyewe mara nyingi umepakwa rangi na kampuni ya soda, ya sabuni au ya unga, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na kampuni ya simu. Jina la mwenye duka limebanwa katika pembe ya tangazo la mwingine. Katika ukuta mmoja wa namna hiyo mtu aweza kukuta Kiingereza, Kiswahili na Ekegusii, kila kimoja na kazi yake: Kiingereza cha heshima, Kiswahili cha biashara, Ekegusii cha jina na undugu. Mtaalamu wa isimujamii angehitaji kurasa kumi kueleza mgawanyo huo. Mchoraji mwangalifu angeueleza kwa kibao kimoja.

Hapa huzuka pingamizi ambalo si la kupuuzwa, na hutoka kwa walimu. Vibao vya kweli vimejaa makosa ya tahajia. Akiandika mchoraji "kinyosi" badala ya "kinyozi", au akichanganya r na l kama mwandishi wa kibao alivyozichanganya, je, kitabu cha shule hakitafundisha makosa? Wahariri wengi hukubaliana na pingamizi hilo, na kama kibao hakikuachwa kitupu, husahihishwa kabla ya kwenda mtamboni. Lakini desturi hiyo haiambatani na ile inayofuatwa katika maneno. Mwandishi wa riwaya huruhusiwa kumpa mhusika lafudhi ya kwao, na hakuna mwalimu anayedhani kwamba maneno ya mhusika ni kanuni ya sarufi. Kibao ni usemi wa mji, kama yalivyo mazungumzo. Matini hufundisha, picha hunukuu. Na mnukuzi anayesahihisha anachokinukuu huwa amekighushi. Zaidi ya hayo, mtoto anayesoma kibao chenye kosa katika picha, akalitambua kosa, amekwisha kufanya zoezi la tahajia ambalo mwalimu hakulazimika kulitunga. Yafaa tu matini iliyo kando ya picha iwe na neno hilohilo kwa usahihi wake.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba uhalisi ni wingi wa vitu. Historia ya uchoraji wa magazeti ya Afrika Mashariki inakataza dhana hiyo. Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst na kudumu hadi mwaka 1979, liliijaza Nairobi watu hadi pembezoni mwa ukurasa. Lugha yake ilikuwa Kiingereza, lakini mji wake ulikuwa wa mtu wa chini, wa baa, basi na foleni ya kutafuta kazi. Hirst alikuwa Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1965. Alizaliwa mbali na mitaa aliyoichora, naye aliichora vema kuliko wengi waliozaliwa humo, na hilo lapasa kuwanyamazisha wanaodhani kwamba uhalisi ni haki ya kuzaliwa. Mwaka 1994, yeye na Davinder Lamba walitoa, kupitia Mazingira Institute, kitabu cha picha kiitwacho The Struggle for Nairobi, ambamo jiji hutazamwa tangu chanzo chake cha kikoloni na kuonekana kuwa matokeo ya magombano, ya nani aruhusiwe kukaa wapi. Mandhari hapo si nyuma ya hadithi tena. Mandhari ndiyo hadithi.

Kwa upande mwingine yuko Edward Gitau, aliyemchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Mistari yake ilikuwa michache na nyuma ya wahusika mara nyingi hamkuwa na mengi. Wala msomaji hakupotea. Mahali palikaa katika namna ya kusimama, ya kudai deni, ya kumjibu mke, na juu ya yote katika Kiswahili kilichosemwa, ambacho kilikuwa cha Kenya bara bila kuomba radhi. Chakubanga wa Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru, alikuwa wa Dar es Salaam kwa njia hiyohiyo: ukimwondoa katika Kiswahili chake utakuwa umemwondoa mjini. Katika Shujaaz, iliyoanza kutolewa mwaka 2010, mbinu mbili hizi zimeungana, rangi na vitu vya mtaani pamoja na Sheng ndani ya mapovu ya maneno. Yaelekea, kwa hiyo, kwamba mchoraji ana hiari ya kuweka mahali katika vitu au kuweka mahali katika usemi. Asiloruhusiwa ni kutoweka popote, na hilo ndilo litendekalo katika vitabu vingi vya shule, ambamo wahusika wasio na lafudhi hutembea katika mitaa isiyo na jina.

Sababu za kutendeka hivyo ni za kibiashara, na Tabaka inazijua kuliko mhariri yeyote. Tembo, twiga na kiboko si wanyama wa vilima vya Gusii, ambako mashamba yamebanana hata mbuzi hukosa pa kulala. Hata hivyo huchongwa Tabaka mwaka baada ya mwaka, pamoja na morani mwenye mkuki, seti za sataranji, na Bethlehemu nzima yenye hori, mamajusi na ng'ombe, kwa ajili ya Krismasi za ng'ambo. Mnunuzi ana Afrika yake kichwani, na huiagiza. Haagizi baraza la duka wakati wa mvua, wala mwanamke na beseni la maji meupe. Lingekuwa jambo la dhuluma kumlaumu mchongaji anayetafuta karo kwa jiwe la kwao. Na katika sanamu hizo, hata iwapo umbo ni la mbali, jiwe lenyewe haliwezi kudanganya lilikotoka. Mchapishaji naye ana hoja ileile. Kitabu kitauzwa kutoka Busia hadi Lamu, kwa hiyo mji uwe wa kila mtu.

Lakini biashara mbili hizi zinatofautiana katika jambo moja zito. Anayenunua tembo wa jiwe anajua kwamba amenunua pambo la rafu. Mtoto wa darasa la tatu hajui kwamba mji wa kitabuni ni pambo. Ameambiwa kwamba kitabu ni kweli, na anapolinganisha mji huo na senta yao, kinachoonekana kuwa na kasoro si kitabu. Hujifunza, pasipo mtu kukusudia kumfundisha, kwamba Kiswahili fasaha husemwa mahali penye taa za barabarani, na kwamba mahali pao hapajafikia kuandikwa. Walimu wa vyuo wanaolalamika kwamba wanafunzi wao hutunga insha zote zikianzia katika mji uleule usio na jina, wenye "magari mengi na majumba marefu", wangefanya vema kutazama picha ambazo wanafunzi hao walilelewa nazo.

Kurekebisha hali hii hakuhitaji mapinduzi. Mhariri humpelekea mchoraji muswada na orodha ya picha zinazotakiwa. Angeweza kuongeza nauli ya matatu. Idara za Kiswahili nazo zina kitu ambacho wachapishaji hawana: wanafunzi waliotoka katika mamia ya senta, kila mmoja akiijua yake kwa macho yaliyofumbwa. Kazi ya muhula mmoja, ya kunakili vibao vya maduka ya kwao kama vilivyo, pamoja na makosa yake, rangi zake na mpangilio wa lugha ukutani, ingekuwa hazina kwa mchoraji na kwa mwanaisimu vilevile. Kazi hiyo haina muda mrefu wa kusubiri. Kuta hupakwa upya kila kampuni inapobadilisha rangi zake, na vibao vingi vilivyoandikwa kwa mkono miaka ya 1980 vimekwisha kulala chini ya tangazo la simu.